Fungu la Tatu

Nabongo Mumia alitawazwa mfalme wa Wanga mwaka 1882 na akafariki mwaka 1949 akiwa Mwislamu. Dini hiyo aliipokea kupitia wafanyabiashara Waswahili ambao misafara yao ilipiga kambi kwake. Ndugu yake Mulama, aliyekuwa chifu wa Marama upande wa Butere, alifuata Ukristo na akaitwa Joseph. Hivyo ndani ya ukoo mmoja wa baba yao Shiundu, katika nchi ambayo leo ni Kaunti ya Kakamega, mmoja alielekea kibla na mwingine akabeba jina la Yusufu, ambaye Biblia inamsimulia na Kurani pia. Huko Wanga na Marama hadi leo si ajabu shangazi akawa Haluwa na mpwa wake akawa Beatrice, wakala chungu kimoja.

Hata hivyo, anayepita stendi ya Mumias siku ya mhadhara atasikia mambo mengine. Mhubiri wa Kiislamu husimama na kipaza sauti, na kitabu kilicho mkononi mwake ni Biblia. Anaitaja sura na aya bila kuchungulia, na umati unamfuatilia kwa nakala zake. Mhubiri wa Kipentekoste naye atajibu kwa kuitaja Kurani. Joseph Wandera, padri wa Kianglikana ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Mumias, aliifanya mihadhara hiyo kuwa mada ya tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Aliona, na ni kweli, kwamba jambo linalotendeka kando ya barabara lina uzito wa kusomewa chuoni.

Uzito wake wa kwanza ni wa kimantiki. Mhubiri yule anaamini kwamba Biblia iliyopo imeingiwa na mikono ya watu. Vipi basi anaileta iwe shahidi wake? Mahakamani shahidi aliyekwisha kuvunjiwa heshima hasaidii upande wowote. Wapo watakaomtetea kwa kusema kwamba anachotumia ni ikirari: mtu akikiri jambo linalomuumiza mwenyewe, maneno yake hupokewa hata kama hayaaminiki kwa mengine. Hoja hiyo ina nguvu, nayo ina historia ndefu. Rahmatullah Kairanawi aliitumia mwaka 1854 mjini Agra, India, alipojadiliana na mmisionari Mjerumani Karl Pfander. Kitabu alichokiandika baadaye kilimfikia kijana mmoja wa Durban, Ahmed Deedat, na kutoka kwa Deedat mtindo ule ukasambaa Afrika Mashariki, ambako wahubiri wa Tanzania waliukuza sana miaka ya 1980. Kinachosikika Mumias kimesafiri mbali.

Lakini ikirari hushinda kesi tu. Haimwambii Mwislamu akiweke wapi kitabu cha jirani yake siku ambayo hakuna kesi.

Wanazuoni wa Kiislamu wenyewe hawakuwahi kuwa na kauli moja. Ibn Hazm wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1064, alishika kwamba maneno yenyewe ya Taurati na Injili yamebadilishwa, akayachambua kwa ukali. Wengine walisema kilichopotoshwa ni maana, yaani tafsiri za wasomaji, huku maandishi yakibaki kwa sehemu kubwa. Al-Biqai, aliyefariki mwaka 1480, alifika hatua ya kunukuu Biblia ndani ya tafsiri yake ya Kurani; alipolaumiwa, aliandika kitabu kizima kutetea kitendo hicho. Msikilizaji wa stendi hasimuliwi habari za al-Biqai, na hiyo ni hasara kubwa.

Tena lipo neno ‘Injili’, linalowahadaa wote wawili. Kwa Mwislamu, Injili ni ufunuo ulioteremshwa kwa Nabii Isa. Kwa Mkristo, ni habari njema za Yesu kama zilivyoandikwa na watu wanne. Mmoja anauliza kitabu cha Isa kiko wapi. Mwenzake anashangaa, kwa kuwa kwake Yesu ndiye Neno, na vitabu humshuhudia. Wanabishana juu ya vitu viwili vyenye jina moja.

Neno ‘mwana’ lina mtego wake. Mkristo anaweza kujitetea kwamba Kiswahili kina mwanafunzi na mwanamaji, wala hakuna anayedhani kwamba maji yamezaa. Utetezi huo hautoshi. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulikusudia zaidi ya lugha ya picha, na Surat al-Ikhlas inakanusha kuzaa na kuzaliwa bila kubakiza mlango. Hapo tofauti ni ya kweli, na kuifunika kwa adabu ni kuwakosea heshima wote.

Lakini yako mengi yasiyofika huko. Mapokeo ya Kiislamu yamegawa habari za Watu wa Kitabu katika mafungu matatu: zinazokubaliana na Kurani husadikiwa, zinazopingana nayo hukataliwa, na zilizobaki, ambazo Kurani imezinyamazia, hazisadikiwi wala hazikanushwi. Hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Bukhari ndiyo msingi wa fungu hili la tatu. Mtu huzuia ulimi wake. Kati ya yote ambayo Uislamu umesema kuhusu maandiko ya Wakristo, hili ndilo gumu zaidi kulitenda, na lina adabu ya elimu ndani yake: kukiri kwamba kitabu cha mwingine huenda kinajua jambo ambalo wewe hukuambiwa. Kipaza sauti hakina nafasi ya adabu hiyo. Nani atasafiri kutoka Matungu hadi Mumias kumsikiliza mtu akizuia ulimi?

Jina lile la Mulama linaonyesha jinsi mafungu hayo yanavyofanya kazi. Kisa cha Yusufu kinaanza katika sura ya 37 ya kitabu cha Mwanzo na kuendelea hadi ya 50. Katika Kurani kimo chote ndani ya sura ya 12. Ndugu, shimo, Misri, ndoto na njaa vimo kote kuwili. Lakini katika Mwanzo, Yakobo anaona vazi lenye damu na kuamini kwamba mnyama amemla mwanawe. Katika Kurani, Yaakub hawasadiki wanawe, naye anashika subira. Hapo Mwislamu ameshajua aseme nini.

Vipi kuhusu mke wa bwana aliyemtamani Yusufu? Mwanzo haimtaji kwa jina. Kurani nayo haimtaji. Masimulizi ya Waislamu yakamwita Zulekha, na kwa jina hilo amesimuliwa barazani vizazi kwa vizazi.