Siku ya Tatu Iacheni Wazi

Wajukuu wangu, mpango mlionisomea juzi barazani nimeufikiria kwa usiku mbili. Siku tatu Mombasa, na ndani ya siku hizo mnataka Ngome ya Yesu, Nyali, Haller Park, kuvuka Likoni mpaka Diani, kisha Malindi. Safari siikatai. Kijana aliyekulia kihambani, akaamka kila siku akitazama theluji ya Kibo, anastahili kusimama mbele ya maji asiyoona ng'ambo yake. Nauli nitachangia. Ninachoomba ni mfute nusu ya orodha hiyo. Malindi peke yake ni zaidi ya kilomita 100 kutoka Mombasa. Mtaiona kwenye dirisha la matatu, basi.

Sababu yangu ni hii. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ukafunguliwa mwishoni mwa 1983. Mwaka uliofuata mimi na kaka yangu mkubwa tulikwenda Mombasa. Huku madukani hakukuwa na kitu, hivyo kila mtu wa nyumbani alitutuma: sabuni, dawa ya meno, betri za redio, khanga za mama. Tulikaa siku mbili. Tulizunguka duka hadi duka na karatasi mkononi, na usiku tulihesabu fedha na mizigo. Bahari tuliisikia harufu yake tu. Tukiwa kwenye basi la kurudi kaka akasema, "Siku nyingine tutakuja tukae tu." Tulirudi kwenye kahawa na watoto na ada za shule, na siku hiyo nyingine haikuja. Kaka yupo pale chini ya migomba, mnalipita kaburi lake kila asubuhi. Kwa hiyo mkiniletea orodha ndefu, naiona ile karatasi yetu.

Sasa tuipange. Msiende Aprili wala Mei, masika huko hunyesha kama yetu na joto lake hukaa mwilini. Desemba sitaki hata kuisikia: Wachagga wote wanapanda kurudi nyumbani, nanyi mtashukaje? Isitoshe, mwezi huo watu wa Nairobi huijaza pwani na vyumba hupanda bei. Agosti au Septemba upepo wa kusi bado unapunga, na mtu wa baridi kama ninyi ataweza kutembea mchana.

Hati zishughulikieni mapema. Asiye na pasipoti aende Uhamiaji Moshi akaombe hati ya dharura ya kusafiria. Msisubiri kubembeleza watu mpakani Holili. Bebeni na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana huweza kuulizwa. Fedha badilisheni dirishani, penye risiti. Yule kijana anayekimbilia basi na bunda la noti mkononi mwacheni apite.

Ni karibu kilomita 300 kutoka Moshi: Himo, Holili, Taveta, Mwatate, Voi, halafu mnateremka Mariakani. Kaeni upande wa dirisha mkipita nchi ya Wataita, msilale. Mwaka 1848 mmishonari Johannes Rebmann alipita nchi hiyo kwa miguu akitokea Rabai, nyuma ya Mombasa, na alifika huku kwetu Uchaggani. Aliporudi mwaka uliofuata amebeba bidhaa, Mangi Mamkinga, mtawala wa hapa kwetu Machame, alidai zawadi hii na ile mpaka sehemu kubwa ya mzigo wake ikaisha. Jambo hilo huniumiza, kwa sababu mgeni alikuja mlangoni petu. Mtakapokuwa ninyi wageni kwenye mlango wa mwingine, likumbukeni.

Chumba tafuteni kisiwani, karibu na Mji wa Kale. Mkilala mbali kwa ajili ya bei, siku zenu tatu zitaliwa na foleni. Mji wa Kale tembeeni asubuhi, kabla jua halijakaza, baada ya mahamri na mbaazi. Vaeni kwa heshima, salimieni wazee walioketi barazani, na msimwelekezee mtu simu kabla hajakubali. Ngome ipeni asubuhi nzima ya pili. Wareno waliianza mwaka 1593. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa zaidi na maradhi kuliko mizinga. Waingereza wakaigeuza gereza mpaka 1958. Simameni ukutani muitazame bahari kama alivyoitazama mtu aliyengoja meli ya msaada kwa karibu miaka mitatu.

Lipo jambo ambalo mtoto wa mlimani halijui, nalo ndilo linalonitia hofu. Hapa maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yana zamu. Ukichelewa, yamekwenda kwa jirani. Bahari nayo ina zamu zake. Hujaa kwa muda wa kama saa sita, hutoka kwa muda kama huo, na kila siku zamu husogea mbele karibu dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na hapo tofauti kati ya maji kujaa na kukauka hupita mita 3. Katikati ya vipindi hivyo viwili ni maji mafu, mwendo wake ni mdogo. Wakati wa bamvua mtaona ufuko umekauka mpaka kwenye mwamba, nanyi mtashawishika kwenda mbali kutafuta kombe. Maji hurudi kwa kupitia mikondo iliyo nyuma yenu, mkageuka mkakuta njia mliyoijia imekuwa kina. Muulizeni mvuvi kabla ya kuingia. Hana haraka, atawaambia.

Na kivuko cha Likoni, ambacho mtembea kwa miguu halipi, kikijaa subirini kinachofuata. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilizama katika maji hayohayo kikiwa kimebeba watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 250 walikufa wakienda kazini na sokoni. Dakika kumi za kungoja hazitawapunguzia chochote.

Siku ya tatu msiandike kitu. Nendeni Mama Ngina, pale kwenye mibuyu, mchana unapopungua makali. Nunueni muhogo wa kukaanga uliotiwa ndimu na pilipili, na madafu, mkae. Meli zinazoingia Kilindini hupita karibu sana, mtawaona mabaharia wamesimama. Simu zikae mfukoni. Mtaona familia zimetandika mikeka, watoto wanagombania mabuyu, na hakuna atakayewauliza mmekuja kufanya nini. Kaeni mpaka adhana ya magharibi. Zungumzeni, kwa maana ninyi ni ndugu watatu na mwakani mmoja wenu anakwenda chuo Dodoma.

Mkirudi, piteni kwangu kabla hamjafungua mizigo. Picha nitaziangalia baadaye. Nitawauliza kwanza: mlipokuwa mmekaa chini ya mbuyu, maji yalikuwa yanajaa au yanatoka? Mimi na kaka hatukujua.