Nusu Saa Gizani

Masomo: Zaburi 147:3-4, Ayubu 2:11-13



Mwezi wa kumi, usiku mmoja ambao sikuwa na zamu, mzee mmoja niliyewahi kufanya naye kazi alinialika kwake, magharibi ya Minneapolis, kule mashambani ambako taa za mji hupungua. Nyuma ya nyumba ana darubini ndefu kunishinda, imekaa juu ya sanduku la mbao, na ndani yake kuna kioo chenye upana wa karibu nusu mita. Nilipanda ngazi ili kuchungulia, koti juu ya koti.

Kwanza alinionyesha galaksi ya Andromeda, ambayo nuru yake imesafiri kama miaka milioni 2.5 kutufikia. Hiyo hata macho matupu huiona penye giza, kama doa la moshi. Kisha akaigeuzia darubini galaksi nyingine hafifu zaidi, iliyo mbali kama miaka ya nuru milioni 30. Wataalamu huiandika kwa namba: NGC 891. Nikachungulia, sikuona kitu.

"Usiikazie macho," akaniambia. "Tazama pembeni yake kidogo, usubiri."

Haya niliyasoma chuoni. Katikati kabisa ya jicho, pale tunapotumia kusomea, hakuna zile chembe zinazoona gizani. Ziko kandokando, nazo huchukua nusu saa hivi kulizoea giza. Mtihani nilifaulu, ila sikuwahi kuyatumia. Nikatazama pembeni, na ukatokea mstari mwembamba wa nuru, kama uzi kwenye kitambaa cheusi. Kwa furaha nikatoa simu nitazame saa. Mwanga ukanipiga usoni, galaksi ikapotea. Haikuwa imeondoka, mimi ndiye niliyepofuka. Mzee hakunikemea. Alisema tu, "Haya, tunaanza tena kusubiri."

Katika kusubiri huko nikamkumbuka dada yetu mmoja (amenipa ruhusa nisimulie bila kumtaja). Mama yake alifariki Tanzania, naye kwa ajili ya makaratasi hakuweza kwenda kuzika. Maziko aliyatazama kwenye simu. Tulikwenda kwake wengi, na chai, maandazi na rambirambi, na hayo yalikuwa mema. Kisha mimi, kiongozi wenu, nikasimama nikaomba kwa sauti kubwa, nikamwambia kazi ya Mungu haina makosa, mama amepumzika, asilie. Ndiyo kwanza alikuwa anaingia gizani, nami nikamwashia taa machoni. Jumapili tatu hakuonekana kanisani. Tukasema imani yake imepoa.

Rafiki za Ayubu tunawalaumu kwa hotuba zao, na ni haki yao. Lakini siku saba za mwanzo walikaa naye chini, kimya, kwa kuwa waliyaona maumivu yake. Hapo hawakukosea. Na itazameni Zaburi ya 147. Aya ya tatu Mungu anafunga vidonda vya waliovunjika moyo, na papo hapo, aya ya nne, anazihesabu nyota na kuziita kwa majina. Zamani nilidhani mtunzi ameruka tu kutoka jambo hili hadi lile. Siku hizi naziona aya hizo mbili kama kazi moja. Katika uzi ule niliouona mna nyota mabilioni. Anayezijua moja moja hamharakishi mtu anayelia. Hata wodini, kidonda kirefu hufungwi juu juu ili kipendeze. Hupona kuanzia chini.

Jumanne alasiri nilirudi kwa dada yetu. Alikuwa anakunja nguo za watoto, nikakaa nikakunja naye. Muda mrefu ukapita. Kisha, bila kuulizwa, akasema mama yake alikuwa akifunga hela kwenye pindo la khanga, akisema ni nauli ya kuja kumwona Marekani. Akalia. Nikaendelea kukunja. Saa kumi na mbili jioni nikainuka kwenda zamu, naye akanisindikiza mpaka kwenye gari.