Mtoto si Mhusika

Mwanadamu hupewa mambo mengi bila ya kuulizwa: wazazi, ukoo, lugha na mahali pa kuzaliwa. Hayo humfika kwa kadari, na hakuna jirani wa kulaumiwa kwayo wala wa kusifiwa. Jina si hivyo. Jina huchaguliwa na mtu mwenye akili zake na mapenzi yake, akampa mtu mwingine ambaye bado hajaweza hata kujigeuza ubavu. Kwa hiyo jina, ingawa ni neno moja tu, limebeba ndani yake suala la haki.

Suala hili latugusa zaidi sisi tulio wapenzi wa ushairi. Anapozaliwa binti katika nyumba yenye diwani na riwaya, mzazi huingiwa na tamaa ya kumpa jina lisilosikika mtaani: jina la mhusika aliyemliza usiku mmoja, au hata neno la fani yenyewe. Yupo atakaye kumwita mwanawe Tathlitha kwa sababu ulimi wake waburudika kulitamka. Yupo atakaye jina la binti mfalme wa hadithi za mbali. Je, hiyo ni zawadi kwa mtoto, au ni pambo la mzazi lililotundikwa shingoni mwa mtoto?

Kwanza tumtendee haki mzazi huyu. Watu wa mwambao hawajapata kuwa na majina bubu. Mosi, Pili na Tatu huhesabu. Mwanajuma na Mwanahamisi hutaja siku. Mwaka hutaja msimu. Riziki na Zawadi hushukuru. Tabu, Shida na Mkiwa hueleza dhiki iliyokuwamo nyumbani siku ile. Hata majina tuliyoyapokea pamoja na dini tumeyalainisha uani kwetu, Khadija akawa Kazija na Fatma akawa Fatu. Wazee wetu waliandika habari zao katika watoto wao, na wengine waliandika huzuni zao. Anayemlaumu mpenzi wa vitabu kwamba amemtia mwanawe mambo yake mwenyewe, na awalaumu pia wazee hao.

Tafauti iliyopo ni moja, nayo ni kubwa. Maana ya Tabu au Zawadi ilikuwa mali ya wote. Muuza samaki aliijua, mwalimu wa chuoni aliijua, na mtoto mwenyewe aliifahamu mara tu alipoanza kusema. Jina la kitabuni lina ufunguo, na ufunguo huo umo kabatini mwa mzazi. Wapitao njia huliona kufuli tu.

Na ugeni nao, peke yake, si kosa. Majina mengi ambayo leo hayamshangazi mtu yalianza kwenye karatasi ya mtunzi. Jina la Jessica, kwa tahajia yake ya sasa, laonekana kwanza katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa jina la Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Miranda, binti wa kisiwani katika tamthilia ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa jina la Tufani mwaka huohuo, jina lake Shakespeare alilitoa katika neno la Kilatini lenye maana ya mtu wa kustaajabiwa. Vanessa ni jina lililoundwa na Jonathan Swift kwa kuunganisha vipande vya majina ya Esther Vanhomrigh, mwanamke aliyekuwa karibu naye. Mwanamke huyo alifariki mwaka 1723, na shairi lenye jina hilo likachapishwa mwaka 1726. Jina lililobuniwa ili kumficha mtu mmoja limekuwa la maelfu ya watu wasiojua kwamba liliwahi kuwa pazia. Hivyo jina geni huweza kuzoeleka, na kitabu huweza kusahauliwa huku jina likibaki.

Lakini kuzoeleka huchukua muda, na muda huo una mtu wa kuulipia. Mzazi huionja ladha ya jina siku ya akika, wageni wakiuliza maana yake naye akieleza kwa furaha. Baada ya hapo kazi ya kueleza humwangukia mtoto: chuoni, skuli, hospitali, na kwenye dirisha la paspoti. Herufi moja ikitafautiana baina ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha mtihani, si baba atakayekwenda ofisi hadi ofisi. Anayechagua jina geni anakopa, na deni analiandika kwa jina la mwanawe.

Kuna hasara nyingine ambayo wasomi hatupendi kuitaja. Kwetu jina la mtoto mara nyingi lilikuwa njia ya kumrejesha aliyetangulia. Bibi akifariki, mjukuu wa kwanza wa kike huitwa kwa jina lake, na uani likasikika tena jina lililokuwa limeanza kunyamaza. Mtoto akiitwa aje kula, marehemu naye huwa ameitwa. Maiti hawana mahali pengi duniani ambapo bado hutajwa kila siku bila ya kilio, na jina la mjukuu ni mojawapo. Mzazi anapokwenda kwenye rafu kutafuta jina, na aujue uzito wa anachokiacha: mtu wa damu yake, aliyemlea na kumpikia, amepitwa kwa ajili ya mtu wa wino ambaye hakuwako. Huenda ana sababu ya kutosha. Lakini sababu hiyo iwe kubwa kuliko utamu wa ulimi.

Na tuwatazame hao watu wa wino wenyewe. Waandishi wetu wakubwa, walipotaka binti wa kubeba riwaya nzima, mara nyingi hawakutafuta jina la ajabu. Mohamed Suleiman Mohamed alichukua Rehema, akaandika Nyota ya Rehema mwaka 1976. Said Ahmed Mohamed alichukua Maimuna, akaandika Utengano mwaka 1980. Shafi Adam Shafi alichukua Yasmin kwa ajili ya Vuta N'kuvute mwaka 1999. Ni majina ya mtaani, nao wakayafanya yasisahaulike kwa yale waliyowafanya wahusika wao wayapitie. Kumbe fasihi hukopa majina kwetu, kisha hutuuzia tena, nasi tukadhani ni bidhaa ya ng'ambo.

Na wahusika hao wamepitia nini? Rehema anapuuzwa na baba mzazi. Maimuna anaukimbia ukali wa nyumba ya babake akaangukia katika maisha ya udhalili. Rosa, katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, anajiua. Mzazi asomaye huupenda uzuri wa masimulizi, lakini mtoto aliyepewa jina kwa ajili ya mhusika atakuja siku moja kukifungua kitabu, na atakisoma kwa jicho ambalo mzazi hakuwa nalo: atakuwa anajitafuta. Itakuwaje akijikuta amelala chali katika ukurasa wa mwisho? Sisemi kwamba jina huleta ajali. Hiyo ni imani isiyo na ushahidi. Nasema kwamba mtoto ana haki ya kuuliza, "Baba, ulipomwona huyu, ulitaka niwe nani?" na baba awe na jibu.

Suala hilo hukaza zaidi tunapofika kwa Shaaban Robert. Katika Kusadikika mshitaki anaitwa Majivuno na mshitakiwa anaitwa Karama. Katika kitabu kingine mkulima mwema anaitwa Utubora. Huko jina ni hukumu. Msomaji hulisikia, akamjua mtu kabla hajafungua kinywa, na mtu huyo hawezi kulitoroka jina lake mpaka kitabu kiishe. Ni mbinu inayofaa katika istiara, kwa kuwa mhusika ameumbwa ili atumikie fikra moja. Mtoto hakuumbwa hivyo. Ana ruhusa ya kubadilika, kupinga, kuchukia mashairi akitaka, na kupenda hesabu. Mzazi anayempa binti jina ili awe kitu fulani amemwandika mhusika, hajamzaa mtu.

Kisiwa chetu kina ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1880 huko Fumba alizaliwa mtoto wa kike katika ukoo wa watu waliopitia utumwa, naye akaitwa Mtumwa. Ni vigumu kupata jina linalofunga mlango kwa kishindo zaidi. Mtoto huyo alikuja mjini, akafunzwa kuimba, akapata sifa, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Wasifu huo unaitwa Wasifu wa Siti binti Saad. Jina la kwanza halikuweza kumzuia, na jina la pili halikumtengeneza. Alilifikia kwa sauti yake.

Wapo watakaosema: basi jina halina uzito, na mzazi aite apendavyo. La hasha. Kama jina halingekuwa na uzito, asingehitaji jingine. Hata katika dini imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa kwa neno lenye maana ya mwasi, akamwita Jamila. Jina ni amana. Likimdhuru mwenyewe, huondolewa. Na asiyejua kama jina alichaguliwa kwa ajili yake au kwa ajili ya kiburi cha mwingine, amekwishadhuriwa kidogo.

Basi mpenzi wa ushairi afanyeje? Sisemi akifunge kitabu. Nasema alipeleke jina kwanza kwa yule asiyesoma. Kama bibi kizee aweza kuliita kutoka uani hadi barazani bila ya kukwama, akalifupisha kwa mapenzi kama alivyoyafupisha mengine, jina hilo limepata nyumba. Kama lahitaji kitabu kando yake kila linapotajwa, na libaki kitabuni, kwa kuwa huko ndiko lilikokamilika.

Na zipo njia nyingine za kumrithisha mtoto ushairi. Inapata mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham alimtungia utenzi bintiye Mwana Hashima. Tunaweza leo kubishana na baadhi ya mawaidha yake kuhusu mke na mume, lakini tuutazame utaratibu wa zawadi yenyewe. Mama alimpa mwana utenzi. Hakumfanya mwana kuwa utenzi. Kazi ikabeba jina la mtunzi, na binti akabaki na jina lake.

Washairi wa kale walikuwa na fani inayolieleza jambo hili kuliko hoja zangu. Katika takhmisa, mtunzi huchukua mishororo miwili ya mwenziwe, kisha huitangulizia mitatu yake, ubeti ukawa wa mitano. Ndivyo Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alivyoyafanyia maneno yanayonasibishwa na Fumo Liyongo. Ile miwili ya mwanzo haibadilishwi hata herufi, lakini baada ya kutanguliwa na mitatu mipya husomeka kwa maana ambayo mtunzi wa kwanza hakuiweka.

Mzazi hutoa mishororo miwili, nayo ni jina. Liwe la bibi aliyefariki, liwe la mhusika wa riwaya, yote mawili ni maneno ya mtu mwingine mdomoni mwa mtoto. Lililo wajibu ni kumwachia nafasi ya mitatu, na kutokasirika itakapokuja na vina ambavyo hatukuvitarajia.