Watumishi wa Meza



Tukisoma habari za arusi ya Kana katika Injili ya Yohana, sura ya pili, humtazama Bwana Yesu, na mama yake, na mkuu wa meza aliyeisifu divai. Watumishi twawapita. Lakini divai ilipokwisha, ni nani aliyekuwa karibu na aibu? Bwana arusi alikuwa ameketi mahali pake. Mtumishi ndiye aliyesimama mbele ya wageni na chombo kitupu mkononi, naye hakuinunua divai wala hakuwaalika wageni.

Ndivyo ilivyo hata leo katika hoteli zetu za chakula. Mhudumu hapiki wala hapangi bei, lakini wali ukichelewa au nyama ikiwa ngumu, anayekaripiwa ni yeye. Akikimbilia dirisha la jikoni, mpishi naye amfokea. Na nyuma ya kaunta mwenye hoteli anamtazama. Mabwana watatu, mtu mmoja, na wote hao yampasa awachekee!

Mtaalamu mmoja wa Marekani, William Foote Whyte, alizichunguza hoteli za namna hii mjini Chicago katika miaka ya 1940, akatoa kitabu mwaka 1948. Aliwaona wahudumu wanawake wakilia kazini, akataka kujua kwa nini huyu alie na mwenzake asilie. Akaona kwamba asiyelia, mara nyingi, ni yule anayemtangulia mteja: amwendea mara aketipo, amwonyesha kwamba amemwona, amwelekeza kwa upole. Anayengoja kuitwa ndiye anayeburutwa huku na huku mpaka machozi yamtoke. Sisi tuliozeeka katika chuo cha ualimu hatukushangaa, maana mwalimu anayeingia darasani na kusalimu kwanza huwa amekwisha kulishika darasa.

Jikoni nako Whyte aliona kwamba wapishi walichukia kuamrishwa na wasichana. Dawa yake ilikuwa ndogo sana: kijiti cha chuma cha kuchomekea karatasi za maagizo. Mpishi huzichukua kwa zamu, hakuna anayemwamuru mwenzake, na kelele hupungua. Mwenye hoteli anayesoma ukurasa huu anaweza kujaribu. Ni msumari tu na kipande cha ubao.

Hata hivyo, si haki kumfundisha mhudumu peke yake adabu. Mwaka 1983 Arlie Hochschild, naye wa Marekani, aliandika juu ya wahudumu wa ndege, akaonyesha kwamba kutabasamu kwa amri ni kazi yenyewe, tena kazi inayoweza kumchosha mtu moyoni. Basi wapo Wakristo wanaotoka kwenye Meza ya Bwana na, kabla ya saa sita, wanampigia mluzi mtu mzima mwenye wajukuu na kumwita "boi". Bwana wetu alijitaja kuwa katikati ya wanafunzi wake kama mwenye kuhudumu. Habari hizo zimo katika Luka, sura ya 22. Anayemdharau mtu kwa sababu amebeba sinia, na afikiri ni kazi ya nani anayoidharau.

Tena liko jambo zito zaidi. Zipo hoteli ambazo mteja akitoroka bila kulipa, fedha hukatwa katika mshahara wa mhudumu. Sahani ikivunjika, hukatwa. Mwisho wa mwezi mtu huyu aenda nyumbani na nini? Mtume Yakobo, katika sura ya tano, asema wazi kwamba ujira uliozuiliwa wapiga kelele, na kelele hizo zamfikia Bwana. Wenye hoteli wengine ni waumini wenzetu, na sadaka zao tunazipokea. Haifai kunyamaza kwa sababu hiyo.

Mwisho, tunawaomba wazee wa kanisa watazame saa za ibada. Ibada ya kwanza huanza saa moja asubuhi, wakati vijana hawa wanapopeleka chai na maandazi mezani. Ya pili huanza saa nne, nao wamekwisha kushika sufuria za mchana. Wengine hawajashiriki Ushirika Mtakatifu tangu Pasaka. Jumatatu jioni hoteli nyingi huwa na watu wachache, na kanisa letu huwa limefungwa. Ufunguo uko kwa mhudumu wa kanisa, naye amekwisha kusema yuko tayari kufungua.