Sikio Lisilo na Jina

Kuna hoja niliyoisikia Mnyambe, huku Newala, ikanikaa kichwani. Kijijini kila mtu anasikiwa. Ukikohoa usiku, asubuhi jirani anakupa pole. Mkigombana jikoni, barazani wanajua kabla ugali haujapoa. Sasa mtu akifichiwa kinasa sauti nyumbani, ameibiwa nini ambacho majirani hawakuwa nacho?

Hoja hii ilitolewa kwa kucheka, pale ndugu yangu mmoja wa kike aliposema anahisi mumewe kamtegea kifaa. Msimu wa korosho ulikuwa umeisha, hela zimeingia, na maneno ndani ya nyumba yalikuwa yameanza kupimwa.

Tulitafuta. Unaanza na kitu kisicho na kazi: chaja iliyochomekwa muda wote bila simu, halafu ina joto, saa ya zawadi, soketi yenye skrubu zilizokwaruzwa. Vifaa vingine hubeba laini ya simu ndani. Vikiwasiliana na mnara, redio iliyo karibu huweza kukoroma. Ila kinachorekodi tu kwenye memori kadi hakirushi mawimbi, kwa hiyo hakuna redio itakayokisema. Hicho ni cha macho na vidole.

Hatukukuta kitu. Lakini kutokukuta siyo uthibitisho kwamba hakipo, na yeye alilijua hilo. Tangu siku hiyo anaongea ndani kwake kama yuko mahakamani. Nilimshauri amuulize mumewe. Akanijibu, "Akikana sitamwamini. Akikubali, nitalala wapi?"

Hofu yake siyo ya kishamba. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimzawadia balozi wa Marekani mjini Moscow nembo ya taifa lake, imechongwa kwenye mti. Ndani mlikuwa na kifaa kisicho na betri, kinachoamshwa kwa mawimbi kutoka nje. Kiligunduliwa 1952. Sisi Wamakonde tunaujua mti, lakini hata sisi tungeuangalia uchongaji, tusiwaze masikio. Hapa kwetu, mwaka 2009, Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa Karatu wakati huo, alieleza kuwa amekuta kinasa sauti kimefichwa chumbani kwake hotelini Dodoma.

Narudi kwenye ile hoja. Jirani anayenisikia ana jina. Naweza kumfuata, akaona aibu. Na mimi pia namsikia yeye. Tumeshikana pande zote mbili. Zaidi ya hapo, jirani mwema anajua kupuuza. Neno la hasira la saa tano usiku analiacha lichakae, kwa sababu kesho atanikuta kwenye maji na atataka tusalimiane. Kifaa hakijui kupuuza. Kinalihifadhi neno lile likiwa bichi, likisubiri siku ya talaka au ya kugawana mali, litolewe bila yaliyolitangulia.

Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda maskani ya mtu na mawasiliano yake binafsi. Haisemi kwamba ulinzi huo unakoma mtu akishaolewa. Mimi naongeza kwamba maskani siyo mahali ambapo hakuna anayesikia, maana mahali hapo Mnyambe hapapo. Ni mahali ambapo anayekusikia anaweza kuulizwa, akajibu, na wewe usiogope jibu lake. Mume anayeogopwa kuulizwa ameshatega, hata kama hakuna kifaa.