Sijambo

Feri ikigusa gati upande wa Likoni, watu wakianza kupanda mteremko kuelekea steji ya matatu, salamu hugongana: "Hujambo?" "Sijambo." Hakuna anayesikiliza jibu. Mimi mwenyewe nililisema miaka mingi kabla sijatambua kwamba ni kauli ya kukanusha: sina jambo. Na jambo, lililozaliwa na kitenzi kikongwe kuamba, yaani kusema, ndilo lile lenye kuzungumzwa: kesi, msiba, balaa. Mtalii anayetupungia mkono na kusema "Jambo!" hututupia, masikini, kile tunachokikana kila asubuhi.

Waingereza wa kale walikuwa na neno scathe, dhara, walilolipata kwa watu wa Skandinavia. Peke yake limekufa, ama limebaki vitabuni. Linaishi ndani ya unscathed, sifa ya mtu aliyetoka ajalini bila mkwaruzo. Dhara limesahaulika, kukosekana kwake kukabaki. Nao pia, basi, wana sijambo yao.

Lakini tunakana nini hasa? Kiswahili kina maneno mawili tunayoyachanganya. Kuumia kumetoka katika kuuma, kitenzi cha meno: kung'atwa ni kwako, na shahidi wa maumivu ni wewe. Dhara, lililotujia kutoka Kiarabu, halikungojei uhisi. Kule Owino Uhuru, Mikindani, madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu yaliingia katika damu ya watoto. Mtoto wa namna hiyo aweza kuwa anacheza, na ukimuuliza, hajambo. Hasemi uongo. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Daktari na hakimu walikuwa wameona kile ambacho mwenye mwili hakuwa na namna ya kukiona.

Kinyume chake kiko hapa hapa kusini mwa kivuko. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyopakia watu kupita kiasi, ilipinduka karibu na nchi kavu. Watu 272 wakafa. Wapo waliojiokoa. Mtu akitoka majini hana hata mchubuko, lakini aliyekuwa kando yake hakutoka, tumwite mzima? Daktari hatapata pa kufunga bandeji. Huyu anaumwa na kitu kisichokuwa na alama, naye hujibu sijambo akijua fika anachokificha. Mimi siuiti uongo, ni sitara. Hataki kumtwisha mpita njia mzigo wake, tena asubuhi, watu wakiwahi kazini.

Adabu ya Pwani imemwachia mlango mdogo, hata hivyo. Mtu hata akiwa amefiwa, salamu ataitika vizuri kwanza, kisha atatua kidogo na kusema, "Ila..." Siku hizi nikijibiwa sijambo siondoki upesi. Nangoja kama ile ila itakuja.