Mtoto Akiuliza: "Mlima Utawaka Tena?"

Jioni ya Jumamosi, 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka, na moto wake ukashuka hata ukingoni mwa mji wa Goma. Siku zilizofuata nchi ilitetemeka mara nyingi. Tarehe 27 serikali iliamuru mitaa mingi ihamwe. Watu wakakimbilia Sake, Rutshuru na Rwanda, na watoto wengi walipotezana na wazazi wao.

Mtoto aliyeona mambo hayo hapati usingizi. Lori likipita barabarani, yeye huruka kitandani. Mwingine hushika kitenge cha mama yake kutwa nzima. Kisha huuliza: "Baba, mlima utawaka tena?"

Wengi hujibu: "Nyamaza, hautawaka kamwe." Wanadhani huo ni upendo. Lakini mlima huo uliwaka mwaka 1977, ukawaka 2002, ukawaka 2021. Mtoto atayajua hayo shuleni, naye atajiuliza ni neno gani la baba yake aliamini. Amri ya nane haikuwatoa watoto wadogo. Wengine humwambia kwamba mlima huwaka kwa sababu ya utundu wake. Hilo ni baya zaidi, maana sasa mtoto anabeba mlima mzima mgongoni! Mlima huwaka kwa sababu ya mawe yaliyoyeyuka ndani yake, nao uliwaka kabla babu yake hajazaliwa.

Mtu atasema: "Ukweli ni mzigo mzito kwa mtoto." Nakubali. Ndiyo sababu haufai kuachiwa mtoto peke yake. Baba hana amri juu ya mlima, lakini ana amri juu ya mkono wake mwenyewe. Aseme: "Waweza kuwaka. Wako wataalamu wanaoupima. Ukiwaka, nitakushika mkono, tutapita njia hii; na tukipotezana, utaningoja mahali fulani." Kisha aipite njia hiyo pamoja naye mchana, bila haraka.

Mama mmoja aliniuliza: "Mwalimu, nami naogopa. Nimfiche?" Nilimjibu asimfiche, kwani mtoto alalaye karibu naye husikia pumzi zake. Aseme, "Nami naogopa, lakini nipo," bila kulia kwa kelele mbele yake.

Mama huyo alikwenda na mwanawe hadi njia panda. Mtoto ndiye aliyechagua mahali pa kungojeana, chini ya mti wa avoka, akarudi nyumbani akiwafundisha wadogo zake.